Kigari cha Dada Kirudishwe

Simu ya Dada naiweka juu ya cherehani yake, karibu na dirisha, na kila jioni naichaji kana kwamba kesho ataihitaji. Laini nayo naitia salio kidogo kidogo isije ikafungwa. Nyumbani waliponiuliza kwa nini, niliwajibu kwamba kuna picha za mtoto ndani. Si uongo, ila si sababu. Sababu ni kwamba laini ikifungwa, namba yake itapewa mtu mwingine, na mimi najijua. Ipo siku nitaipiga kwa mazoea, na mtu nisiyemjua atapokea na kusema haloo.

Kwa hiyo asubuhi ile ilipotoa mlio, nilimwaga chai.

Ulikuwa ujumbe wa duka. "Ndugu mteja, acha mara moja kutumia kigari cha mtoto ulichonunua kwetu. Kufuli la kukunjia linaweza kuachia lenyewe, kigari kikajikunja na kumbana mtoto. Usimweke mtoto ndani yake. Wasiliana nasi ili kirudishwe."

Nilikikumbuka kigari kabla sijamaliza kusoma. Dada alikinunua kipya alipojifungua, na siku ya kwanza tu akaanza kukitia kasoro. Kitambaa cha kiti kilikuwa chepesi, mikanda ilishonwa ovyo. Alikuwa fundi cherehani, na fundi cherehani hatazami nguo ya mtu bila kuigeuza ndani aone mshono. Akakivua kitambaa chote, akashona kingine cha jinzi, na mikanda akatengeneza mipya kwa uzi ule wa kushonea mabegi. "Hii hata mwanangu akiwa ndovu haikatiki," alisema. Mtoto akakua, akaacha kukaa ndani, sasa anaishi kwa baba yake na anakimbia kuliko pikipiki. Dada alipokuwa ameshalazwa, akaagiza mwenyewe kwamba kigari apewe wifi, yaani mke wa kaka yetu, ambaye wakati huo alikuwa mjamzito.

Na mtoto wa wifi ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukaa. Kila asubuhi alisukumwa kwenye kigari kile kupelekwa kwa mlezi.

Sikuwaza. Simu ilikuwa mkononi, ujumbe ulikuwa ndani yake, nikaupeleka palepale kwenye kundi la familia, na chini yake nikaongeza haraka: "Kiko wapi? Nakitaka leo leo."

Ndipo nikaona picha ya Dada pembeni ya maneno hayo, na gauni lake la kijani, akicheka.

Hakuna aliyewahi kumtoa kwenye kundi. Niliwahi kupendekeza, Shangazi akakataa. Shangazi huyu tunamwita Spika, kwa sababu hakuna kikao cha familia kinachofunguliwa au kufungwa bila yeye. Alisema, "Mtu hafukuzwi kwenye ukoo kwa sababu amekufa." Basi Dada akabaki ndani, kimya, mpaka asubuhi ile.

Binamu mmoja alitoka kwenye kundi bila kuaga. Mjomba akaandika "Mungu wangu" mara nyingi. Mtu mwingine akatuma sauti ambayo haikuwa na neno, ni pumzi tupu. Niliinyakua simu yangu mwenyewe na kuandika, "Jamani ni mimi! Nimetumia simu yake kwa bahati mbaya. Ujumbe ni wa dukani, kigari ni kibovu!" Lakini watu walishaacha kusoma, walikuwa wanapigiana simu.

Spika akanipigia.

"Wewe mtoto, uko timamu?"

"Shangazi, nisikilize. Kigari kina..."

"Nimesoma. Nimesoma na miwani, nikasoma bila miwani. Marehemu anadai kigari chake."

"Hadai, Shangazi. Ni mimi nimetuma."

"Kwa picha yake?"

"Kwa simu yake."

"Na salio la nani?"

"Langu."

"Basi kigari hakina ubovu. Mbovu ni wewe." Akakata.

Nikampigia wifi, hakupokea. Nikampigia tena nikiwa njiani kwenda kazini, nikampigia nikifungua duka la fotokopi ninakofanya kazi, nikampigia huku mteja akinisubiri nimgeuzie kitambulisho upande wa pili. Hakupokea. Nikampigia Kaka, ambaye ni fundi wa majokofu na hupokea simu akiwa amelala chini ya jokofu la mtu.

"Kaka, mtoto asiwekwe kwenye kigari."

"Kigari hakipo. Wifi yako amekitoa asubuhi hii, hata viatu sijavaa."

"Kakitupa?"

"Kampa mtu huko kazini kwao. Alisoma ule ujumbe wako akapiga kelele mpaka nikadhani ni panya. Sasa niache, hapa nina jokofu la watu liko wazi tumbo."

Nilishusha pumzi kwanza. Mtoto wetu hayumo. Halafu nikaelewa alichosema. Kampa mtu. Na mtu hapewi kigari cha mtoto kama hana mtoto.

Wifi alipokea mchana. Yeye hukaa mapokezi kwenye kliniki ya meno, na sauti yake ya kazini ni laini, ya kumtuliza mgonjwa. Aliposikia ni mimi, ile laini ikaisha.

"Wifi, kama unataka mali za dada yako ungesema tu. Ungekuja mlangoni ukasema, nipe kigari. Si kunitisha na maiti."

"Sitaki mali. Kigari kimeharibika kufuli, duka linavirudisha vyote. Umempa nani?"

"Mwenye shida."

"Mwenye mtoto?"

"Sasa nimpe mwenye mbuzi?"

"Wifi, mtoto wa huyo mtu anaweza kubanwa."

"Mbona wangu hakubanwa?"

"Bahati."

"Basi na huyo atakuwa na bahati. Kile kitu kimetoka nyumbani kwangu na yaliyomo yake, nami nimelala usingizi wa mchana kwa mara ya kwanza leo." Hakuwa amelala, alikuwa kazini, nilisikia mashine ya meno nyuma yake. "Usinipigie tena kwa jambo hili."

Kwenye kundi, walikuwa wanampongeza. "Umefanya la maana, wifi." "Kitu kikishadaiwa hakikaliwi nacho." Nikaandika kwamba yuko mtoto mwingine ndani ya kigari kile sasa hivi, mtoto wa mtu, ana vidole kama wa kwetu. Wakanijibu kwa picha za mikono inayoomba. Spika akamaliza: "Mada imefungwa."

Nakumbuka nilisimama mbele ya mashine ya fotokopi, inatoa karatasi moja baada ya nyingine, zote sawa, na nikatamani kuipiga teke.

Jioni nikalipigia duka kwa simu ya Dada. Muziki ulipiga mpaka nikaujua, ndipo kijana akapokea kwa uchangamfu.

"Naongea na mteja mwenyewe?"

"Hapana, mimi ni mdogo wake. Nataka kujua kigari kinajikunja kikifanyiwa nini, na..."

"Samahani dada, taarifa hizo tunampa mteja mwenyewe tu, aliyesajili namba hii."

"Amefariki."

Nikasikia anageuza kurasa, au labda anameza mate.

"Pole sana kwa msiba, dada."

"Asante."

"Basi akipata nafasi, mwambie atupigie."

Niliweka simu juu ya cherehani taratibu sana, kwa sababu ningeiweka haraka ningeivunja.

Kesho yake niliomba ruhusa kazini nikaenda kliniki, simu ya Dada mkobani. Iko juu ya duka la rangi, na ngazi zake ziko nje, za saruji, ndefu, zimepigwa kona katikati. Nilipofika chini ya ngazi hizo nilikiona. Kitambaa cha jinzi, mshono wa njano pembeni, magurudumu yale yale. Mwanamke aliyevaa sare ya usafi alikuwa amekishika, ndoo na fagio vimeegeshwa ukutani. Ndani yake kichanga kilikuwa kimelala mdomo wazi, hata shingo haijakaa sawa.

Nikamsalimia, nikajieleza. Nilijieleza vibaya, nadhani, kwa sababu nilianza na kifo.

"Kwa hiyo ni cha marehemu," alisema mama wa usafi.

"Ndiyo, lakini hilo si tatizo."

"Na mnakitaka."

"Hapana. Yaani ndiyo, lakini si sisi. Duka linakitaka."

"Duka." Alinitazama kuanzia viatu kwenda juu. "Mama wa mapokezi jana kanipa kwa mikono miwili, anatetemeka, kaniambia chukua mwenzangu, sikitaki tena. Leo wewe unakuja na duka. Semeni tu kwamba amejuta."

"Kufuli lake linaachia. Kinajikunja chenyewe, mtoto akiwa ndani."

"Kifanye nione."

Ilikuwa haki yake. Akamtoa mtoto, akamlaza begani. Akachukua dumu la maji lililojaa, alilokuwa analitumia kupigia deki ngazi, akalikalisha kwenye kiti na kulifunga mikanda kama mwanawe. Nami nikakisukuma. Nikakipitisha kwenye mtaro, kikaruka vizuri. Nikakitikisa. Nikakiinamisha upande huu, na upande ule. Nikabonyeza mpini kwa uzito wangu wote. Muuza rangi alitoka dukani kwake akaegemea mlango.

"Unakifundisha kuogelea?" aliuliza.

Nikakipiga teke. Kigari kilisimama imara kama kimechimbiwa chini. Maisha yangu yote sijawahi kuona kitu kizima namna ile. Dumu lilitulia ndani, limefungwa mikanda ya Dada, linanitazama.

Mama wa usafi alicheka, si kwa ubaya. "Dada'angu, msiba unachosha. Nenda nyumbani ukapumzike. Mimi nina ngazi za kumaliza."

"Nakuomba."

"Unaniomba nini? Nikuambie mimi namleta kazini vipi? Mlezi sina. Kabla ya hiki nilikuwa namlaza kwenye boksi la dawa za meno, kule stoo. Jana kwa mara ya kwanza nimefanya kazi na yeye yuko mahali penye kamba. Halafu nikupe, kwa sababu kimekataa kuharibika mbele yako?"

Machozi yalinijaa, ya hasira, na hasira yenyewe sikujua ni ya kumpelekea nani. Yeye alikuwa sawa. Hata Spika alikuwa sawa kwa namna yake. Kibaya kilikuwa kipande cha plastiki mahali fulani ndani ya kigari, na hakikutaka kuonekana.

"Basi angalau niambie," nikasema, "unampandishaje huku juu? Unakibeba?"

"Nibebe na ndoo? Navuta. Hivi." Akanipa mtoto, akageuka, akashika mpini kwa mkono mmoja, akaanza kupanda kinyumenyume, anakivuta kigari ngazi kwa ngazi, dumu ndani, magurudumu yanadunda. "Unaona? Kama punda mzuri. Jana nimempandisha hivihivi na asubuhi ya leo..."

Kikalia kama mlango unaobamizwa.

Kilijikunja pale pale ngazini, mbele na nyuma vikakutana katikati, haraka kuliko macho. Kifuniko cha dumu kiliruka kikamgonga muuza rangi kifuani. Maji yakamwagika yote, yakashuka ngazi alizokuwa amezipiga deki, yakapita kwenye viatu vyangu. Dumu lenyewe lilibaki limebanwa ndani ya vyuma, limebonyea kiunoni.

Hakuna aliyecheka. Mama wa usafi aliachia mpini. Alishuka, akamchukua mwanawe mikononi mwangu, akaanza kumshika kidole kimoja kimoja, mkono huu, mkono ule, kisha miguu, kama anahakikisha vyote vimefika.

"Asubuhi nimempandisha hivi," alisema. "Na jana."

Dada aliishi nyumba ya chini, isiyo na ngazi. Kaka na wifi pia. Sisi sote tulikisukuma tu mbele, kwenye lami.

Wifi alikuwa amesimama juu kwenye kona ya ngazi. Sijui alifika lini, labda kwa ule mlio. Ana sare nyeupe, kalamu sikioni. Alitazama lile dumu muda mrefu. Halafu alikaa chini, kwenye ngazi iliyolowa, sare na yote.

"Jumapili Kaka yako alitaka kumpandisha ghorofani kwa mama yangu akiwa ndani," alisema. "Nikamwambia mbebe tu, amelala." Akafunika uso. "Ungeniambia, wifi."

"Nilikuambia."

"Ulimtuma marehemu aniambie!"

Hapo mama wa usafi akatugeukia sote wawili. "Malizeni ya ukoo wenu baadaye. Mimi huyu namweka wapi kesho?"

Wifi alijifuta uso kwa kola. "Mlete pale kwangu mapokezi. Nitamweka chini ya meza, kwenye godoro la wangu."

"Na daktari akiuliza?"

"Nitasema ni mgonjwa."

"Hana hata jino."

"Ndiyo maana kaja."

Tukapanda juu wote watatu, kigari tumekikokota kikiwa kimejikunja, na nikalipigia duka tena kwa simu ya Dada. Muziki ule ule, kisha yule yule kijana.

"Naongea na mteja mwenyewe?"

Wifi alinitazama. Mama wa usafi alinitazama.

"Ndiyo," nikasema. "Ni mimi."

Akaniuliza tarehe ya kuzaliwa, nikataja ya Dada. Akauliza kazi, nikasema fundi cherehani. Sauti zetu zilifanana tangu utotoni, hata Mama alikuwa anatuchanganya simuni, na sasa niliisikia ya kwake ikitoka kwangu, kavu kidogo, ya mtu anayedai chake. Nikaambiwa kitaletwa kigari kipya, cha aina nyingine, mahali nitakapotaka. Nikataja kliniki. Sharti lilikuwa moja, mikanda ya kigari kibovu ikatwe ili kisitumike tena, kisha nitume picha.

"Tunakushukuru kwa kutuamini," alisema kijana. "Tunakutakia afya njema."

"Asante," nikajibu kwa niaba yake.

Wifi akanipa mkasi wa mapokezi, ule wa kukatia bahasha. Mikanda ilikataa. Dada alipitisha mshono mara mbili, akaurudia, na kila ncha akaifunga kwa kipande cha jinzi. Nilisaga na kusaga mpaka kidole gumba kikavimba. Wifi alisema niache akate yeye, nikakataa. Ule uzi wa njano ulikatika nyuzi moja moja, na kila ulipokatika nilimwona ameinama kwenye cherehani, pini mdomoni, ananiambia kwa meno yaliyofumbwa, "Shika hapo, usivute." Ilipokatika yote mitatu niliweka vipande juu ya meza, tukapiga picha, nikatuma.

Jibu lilikuja kabla sijavaa kandambili za wifi, maana viatu vyangu vililowa.

"Ndugu mteja, mikanda iliyo kwenye picha si ya kiwandani. Tafadhali kata mikanda halisi na utume picha upya."

Nilisoma mara mbili. Nikampa wifi asome. Mama wa usafi akasema neno ambalo sitaliandika, na mgonjwa mmoja aliyekuwa anasubiri, shavu limevimba, akaunga mkono.

Mikanda halisi nilijua ilipo. Dada hakuwahi kutupa kitambaa. Nilirudi nyumbani, nikavuta droo ya cherehani, na chini ya zipu kuukuu na vifungo visivyo na wenzake, ilikuwepo imekunjwa vizuri, hafifu, myeupe, imefungwa kwa kiraka cha jinzi. Niliikata kwa mkasi wake mwenyewe. Ilikatika kama karatasi, nikatuma picha. Ya kwake ningeweza kuiacha nzima, na sasa ilikuwa vipande ndani ya mfuko wangu.

Nilikaa pale kwenye kiti chake mpaka hasira ikaacha kutafuta mtu.

Kigari kipya kilifika kliniki. Wifi aliweka picha kwenye kundi, kichanga ndani, mama wa usafi pembeni anatazama kamera kana kwamba inamdai, na wifi mwenyewe akaeleza habari ya dumu, kwa maneno mazuri kuliko yangu. Binamu aliyetoka akarudi. Spika akatuma sauti ndefu, ya kushukuru, ya kuonya juu ya vitu vya plastiki, na mwishoni akasema, "Na wewe mtoto, ile simu usiizime. Ila ukitaka kuandika, andika kwa yako."

Siku hiyo hiyo simu ya Dada ikatoa mlio juu ya cherehani.

"Ndugu mteja, tungependa kujua umeridhika kiasi gani na huduma yetu. Jibu kwa namba, moja hadi tano."

Nilitaka kuipuuza. Halafu nikamkumbuka, anageuza nguo ndani nje kwenye mwanga wa dirisha hili, anatafuta mshono uliokosea, hamsifu mtu kwa urahisi. Vipande vya mikanda yake vilikuwa pale karibu na sindano, ambapo nimeviweka mpaka leo.

Nikamwandikia mbili.